Nyota za Shule Yetu, na Namna ya Kuzitazama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kuwaeleza wasomaji, na hasa wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, juu ya mali moja tuliyo nayo hapa shuleni ambayo hatukuinunua, na ambayo wengi wetu twaipita kila usiku tukienda bwenini kulala. Mali hiyo ni giza la usiku, pamoja na nyota zionekanazo ndani yake.

Nitaanza kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza hapa Singida, usiku mmoja wa mwezi wa Mei umeme ulikatika wakati wa masomo ya usiku, tukatoka nje sote. Nikatazama juu upande wa kusini, nikaona mkanda mweupe umevuka mbingu. Nikamwambia mwenzangu, mwenyeji wa Iramba, "Kesho mvua itanyesha; tazama lile wingu." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, "Dada, lile si wingu. Lile lilikuwapo kabla ya babu zetu, na halitanyesha kamwe."

Wingu lile ndilo liitwalo Njia Nyeupe. Mwaka 1610 Mwitalia Galileo Galilei alieleza kitabuni kwamba alipolitazama kwa darubini aliona nyota zisizohesabika zilizosongamana. Leo twajua kwamba ni kundi kubwa la nyota zaidi ya bilioni 100, na jua letu ni mojawapo tu. Basi nilijiuliza: imekuwaje niishi duniani miaka kumi na minne pasipo kuliona? Kutafuta jibu la swali hilo ndiko kulikonifanya niipende elimu ya nyota.

KWA NINI NYOTA HUPOTEA MJINI

Mtu aweza kudhani kwamba mjini nyota ni chache. Sivyo. Nyota zilizo juu ya Dar es Salaam ni karibu zile zile zilizo juu ya Singida. Kinachotofautiana ni hali ya hewa iliyo kati yetu na nyota hizo.

Taa ya nje isiyo na kifuniko hupeleka sehemu ya mwanga wake chini, na sehemu nyingine pembeni na juu. Mwanga uendao juu hugonga hewa, mvuke na vumbi, ukatawanyika, na sehemu yake hurudi machoni petu. Kwa hiyo hewa yote iliyo juu ya mji hung'aa kama pazia jembamba. Nyota dhaifu haizimwi, bali huzidiwa na mng'ao wa pazia hilo, kama sauti ya mtu anong'onaye izidiwavyo na kelele za sokoni.

Katika fizikia tumejifunza kwamba hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Ndiyo sababu mbingu ya mchana ni ya buluu. Kwa hiyo zile taa nyeupe za siku hizi, zenye buluu nyingi ndani yake, huing'arisha mbingu kuliko taa za zamani za rangi ya manjano, hata kama nguvu zao zalingana.

Upotevu huu waweza kupimwa. Ptolemy, aliyeishi Misri katika karne ya pili, alizipanga nyota katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni nyota zing'aazo sana, na la sita ni zile ambazo jicho laziona kwa shida. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson aliweka kanuni kwamba nyota ya daraja la kwanza ina mng'ao mara 100 ya ile ya daraja la sita. Mahali penye giza kamili, jicho zima huona mpaka daraja la sita, yaani nyota kama 2,500 au 3,000 kwa wakati mmoja. Katikati ya mji mkubwa huonekana za madaraja ya kwanza tu, nazo mtoto wa shule ya msingi aweza kuzihesabu zote.

Mwaka 2016 wataalamu walichapisha ramani ya mng'ao wa mbingu za dunia nzima. Ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Katika Ulaya ni watu 60 katika kila 100, na katika Amerika ya Kaskazini ni karibu 80 katika kila 100. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo mengine, yaliyotokana na watu wa kawaida waliotazama nyota makwao tangu 2011 hata 2022. Yalionyesha kwamba mng'ao wa mbingu uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa mwendo huo, mtoto azaliwaye mahali panapoonekana nyota 250 ataona nyota 100 tu atakapotimiza miaka kumi na minane. Mimi nina miaka kumi na saba, na hesabu hiyo ilinigusa.

JINSI JICHO LIZOEAVYO GIZA

Wenzangu wengi hutoka darasani, hutazama juu kwa dakika moja, kisha husema, "Mbona sioni kitu cha ajabu?" Kosa si la mbingu. Ni haraka yao wenyewe.

Ndani ya jicho mna chembe za namna mbili zipokeazo mwanga. Za kwanza zimesongamana katikati, nazo hutumika mchana kwa kusoma na kutambua rangi. Za pili zimetawanyika pembeni, hazijui rangi, lakini zaweza kuona mwanga hafifu sana. Hizi za pili hutumia kemikali ambayo mwanga mkali huiharibu mara moja. Mtu akiingia gizani, tundu la jicho hupanuka kwa sekunde chache tu, lakini kemikali ile hujengwa upya polepole. Yahitaji dakika 20 mpaka 30, au zaidi, ndipo jicho liwe tayari. Na mtu akikuwashia tochi nyeupe usoni, kazi yote hiyo imepotea, nawe huna budi kuanza tena.

Kutokana na habari hizi twapata mafunzo matatu. La kwanza, kaa gizani nusu saa kabla ya kuhukumu. La pili, ukihitaji tochi, ifunge kwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hafifu huzisumbua kidogo sana zile chembe za usiku. La tatu, ukitaka kuona kitu kilicho hafifu, usikikazie macho. Tazama kando yake kidogo, nacho kitatokea. Nilipoambiwa hivi mara ya kwanza nilidhani ni mzaha, mpaka nilipojaribu mwenyewe.

Kemikali ile hutengenezwa kwa vitamini A, nayo hupatikana katika mapapai, maembe, karoti, mboga za majani na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mtu aikosaye sana hupata upofu wa usiku. Basi wale wanaoacha mchicha sahanini wajue wanachokiacha.

NYOTA ZA MUHULA HUU

Sisi wa Tanzania tuna bahati ambayo watu wengi wa Ulaya hawanayo. Tukiwa karibu na Ikweta, twaona nyota za kusini na za kaskazini pia katika mwaka mmoja. Tena hapa Singida, tangu Juni hata Oktoba, mvua hakuna na mawingu ni machache. Nawaeleza yaonekanayo katikati ya mwezi wa Agosti, usiku usio na mwezi.

Toka nje saa mbili usiku, utazame karibu na utosi, kusini kidogo. Hapo pana Nge. Hili ni kundi ambalo halihitaji maelezo mengi, maana lafanana na jina lake: kichwa, mwili, na mkia uliopindwa wenye mwiba. Kifuani mwake ina nyota nyekundu iitwayo Antares, ambayo Waarabu waliiita moyo wa nge. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka 500 mpaka kutufikia.

Karibu na mkia wa Nge, Njia Nyeupe huwa nene na yenye kung'aa kuliko mahali pengine pote. Huko ndiko kwenye kitovu cha kundi letu la nyota, umbali wa miaka ya nuru kama 26,000. Mwaka wa nuru ni safari ya nuru kwa mwaka mzima, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ndani ya weupe huo utaona madoa meusi. Usidhani ni matundu. Ni mawingu ya vumbi yazuiayo nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Mjini, weupe wala weusi huo hauonekani.

Sasa geukia kusini magharibi. Chini, juu kidogo ya miti, Salibu imelala ubavu, na juu yake ziko nyota mbili kali ziielekeazo. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Alpha Centauri, jirani wa karibu wa jua letu katika nyota zionekanazo kwa macho matupu. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.4. Maana yake, nuru niionayo usiku huu iliondoka huko nilipokuwa Darasa la Saba, nikiwa sijui kama nitachaguliwa kuja hapa.

Salibu yenyewe ina nyota nne kali, na ya tano iliyo dhaifu. Nyota hiyo ya tano ikumbuke, maana nitairudia katika habari za taa zetu.

Upande wa kaskazini ina nyota nyeupe kali, Vega, umbali wa miaka ya nuru 25. Ile nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo mabaharia wa kale waliiita Jaa, hatuioni hapa kwetu, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho.

Wanafunzi wa zamu ya usafi, ninyi mna faida kuliko wote. Mwamkapo saa kumi na moja alfajiri, msiende kwenye ndoo mkiwa mmeinamisha vichwa. Tazameni mashariki. Juu, kuelekea kaskazini, kuna kishada kidogo cha nyota: hicho ni Kilimia. Chini yake ni Jabari, mwenye nyota tatu kiunoni zilizopangwa mstari mmoja. Chini zaidi ni Shira, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, na kusini mashariki ni Suheli, ya pili kwa mng'ao. Kukicha, zote huzimwa na taa iliyo kubwa kuliko zote, yaani jua.

BABU YANGU NA KILIMIA

Majina hayo sikuyapata shuleni yote. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi huko pwani ya Dar es Salaam. Zamani mabaharia wa pwani yetu walifanya nyota kuwa dira. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha mabaharia kaskazini huitwa jaa na kusini huitwa suheli. Ni majina ya nyota yaliyogeuka kuwa majina ya pande za dunia. Walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamali. Fundo hushikwa kwa meno, uzi ukavutwa, na kibao kikalinganishwa na upeo wa bahari na nyota.

Kilimia nacho kilikuwa kalenda ya wakulima. Jina lenyewe latokana na kulima. Wazulu na Waxhosa wa Afrika ya Kusini hukiita isiLimela, neno la asili hiyo hiyo. Wazee wa pwani husema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yanakwisha, hupotea jioni katika mwanga wa machweo. Mwezi wa Juni, wakati wa ukavu, huonekana tena alfajiri.

Likizo ya Disemba iliyopita nilimkuta babu amekaa barazani, kama saa tatu usiku. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa miguuni pake. Nikamwomba anionyeshe Kilimia, nipate kulinganisha na vitabu. Akanyosha kidole juu upande wa kaskazini, kidole kikasimama. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kilikuwa pale, mjukuu wangu. Kila Disemba kilikuwa pale. Macho yangu yamekwisha."

Nikatazama mahali kidole kilipoelekea. Nyota za Jabari niliziona, lakini mahali pa Kilimia palikuwa na mng'ao wa taa za mji tu, mweupe kama moshi. Nikamwambia, "Babu, si macho yako. Mimi nina miaka kumi na sita, nami sikioni."

Hakuniamini sana. Alidhani namfariji.

Wasomaji wangu, tangu usiku ule nimeona kwamba jambo hili si la mchezo. Mzee mwenye elimu yake anapokosa kitu cha kuonyesha kwa kidole, elimu hiyo haiwezi kurithiwa. Jina la Kilimia litabaki katika kamusi, lakini mjukuu hatajua ni kipi kiitwacho hivyo.

WATU WENGINE WALIVYOFANYA

Si kwamba hakuna dawa. Mji wa Flagstaff, katika jimbo la Arizona huko Marekani, ulipitisha sheria ya kuzuia taa kali zimulikazo mbinguni mwaka 1958, kwa ajili ya wanajimu wake. Mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kuwa mji wa mbingu yenye giza. Ni mji wenye maduka, barabara na magari kama mingine. Taa zake zimefunikwa tu zitazame chini.

Katika Afrika, hifadhi ya NamibRand huko Namibia ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya giza. Afrika ya Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda sehemu zake za kutazamia nyota. Mojawapo ni Sutherland, ambako darubini kubwa iitwayo SALT, yenye kioo cha vipande 91, ilifunguliwa mwaka 2005. Wataalamu wa Ulaya na Marekani huitumia darubini hiyo. Basi giza nalo laweza kuwa mali ya nchi.

HABARI ZA TAA ZETU

Sasa narudi nyumbani. Mwaka jana, baada ya wizi mdogo karibu na ghala, zilifungwa taa tatu kubwa nyeupe katika uwanja wa mabweni. Tulishangilia, nami nilikuwa katika walioshangilia, maana kwenda chooni usiku si jambo jepesi kwa wasichana. Lakini taa hizo zilifungwa zikitazama mbele badala ya kutazama chini. Mtu atokaye bwenini zilimpiga machoni, na nyuma yake pakawa peusi kuliko zamani. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alianguka katika mtaro alioupita kila siku, akateguka kifundo cha mguu. Hakuuona mtaro kwa sababu ya mwanga.

Mzee wetu mlinzi naye alilalamika. Alisema, "Wajukuu zangu, zamani nilisimama gizani nikamwona mwizi kabla hajaniona. Siku hizi mimi ndiye nimulikwaye, naye yuko gizani anitazama."

Na Salibu? Tulisimama uwanjani na kuitazama. Nyota nne zilikuwapo, ya tano haipo. Na Njia Nyeupe ilikuwa imepauka.

Jambo hili tulilijadili katika mdahalo wa Jumamosi. Wenzetu wengine walisema kwamba kulilia giza ni ushamba, na kwamba sisi tunataka maendeleo. Mmoja alisimama akasema maneno ambayo sitayasahau: kwamba kwao hakuna umeme mpaka leo, kwamba amesomea kibatari tangu Darasa la Kwanza, na kwamba hataki kusikia mtu wa mjini akimwambia taa ni adui. Nilikosa jibu, kwa kuwa alisema kweli. Nilikaa nikafikiri. Baadaye nilimwambia kwamba sitaki taa yake izimwe. Nataka imulike kitabu chake na njia yake, isimulike matumbo ya popo. Akacheka, nasi tukaandika barua pamoja.

Klabu ya Sayansi ilimwandikia Mkuu wa Shule, ikiomba mambo mawili: taa ziinamishwe, na zifunikwe juu na pembeni. Hatukuomba taa hata moja iondolewe. Mkuu wa Shule alikubali tujaribu kwa muhula mmoja. Fundi wetu alikata madebe matupu ya mafuta ya kupikia, akayapinda yakawa kofia za taa, akayapaka rangi nyeusi kwa nje. Kazi hiyo ilichukua siku moja. Jioni ile uwanja ulikuwa na mwanga zaidi kuliko jana, maana mwanga uliokuwa ukipotea juu sasa ulianguka chini penye mtaro. Matroni, ambaye alikuwa na mashaka, alitembea toka bweni la kwanza hata la mwisho, akarudi akasema, "Sasa naona ninapokanyaga."

Tulikwenda nyuma ya bwalo, tukakaa nusu saa bila tochi. Nyota ya tano ya Salibu ilikuwa imerudi.

MASHAURI KWA WATAZAMAJI WAPYA

1. Chagua usiku usio na mwezi. Mwezi mpevu nao hufifiza nyota. Siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama ndizo bora.

2. Omba ruhusa ya mwalimu wa zamu, nendeni watu watatu au zaidi, na mvae sweta. Upepo wa Singida mwezi wa Julai na Agosti hauna huruma. Kagueni kwanza mahali pa kukaa, kwa ajili ya nyoka na nge wa kweli.

3. Usingoje darubini. Macho matupu yatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Mwezi wa Novemba, kama saa tatu usiku, tazama kaskazini usiku usio na mawingu: utaona doa hafifu liitwalo Andromeda. Hilo ni kundi jingine la nyota kama letu, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Mbali kuliko hapo jicho haliendi kwa urahisi.

4. Tumia mkono wako kuwa kipimo. Ukiunyosha mbele, ngumi ni kama nyuzi 10, na upana wa kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1.

5. Andika unachokiona: tarehe, saa, mahali na hali ya mawingu. Bila kuandika, kutazama ni starehe tu, nayo si elimu.

Zoezi kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili: kunja karatasi ngumu iwe bomba la urefu wa futi moja. Tazama nalo sehemu kumi mbalimbali za mbingu, kila mara ukihesabu nyota uzionazo ndani yake, kisha tafuta wastani. Fanya hivyo karibu na taa za uwanja, halafu nyuma ya bwalo. Linganisha, na ueleze sababu ya tofauti. Majibu yaandikwe katika daftari la Klabu ya Sayansi lililo maktaba.

MWISHO

Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, kisha tutaondoka. Wengine watarudi mijini, kama mimi. Nawaachia wadogo zangu daftari lile, na zile kofia tatu za madebe. Kutu itakapozila, tafadhali zitengenezeni nyingine. Na wazazi wasomao gazeti hili, mkinunua taa ya nje, itazamisheni chini. Haiongezi gharama, na jirani atalala vizuri.

Wiki iliyopita, alfajiri ya zamu yangu, niliweka ndoo chini nikahesabu nyota za Kilimia. Nilipata sita bila shida, na ya saba nilipotazama kando. Siku ile ile nilimwandikia babu barua. Nilimwambia kwamba Kilimia hakikuondoka, kiko pale pale alipoonyesha, na kwamba kidole chake hakikukosea hata kidogo. Nilimwambia pia kwamba mtihani ukiisha nitamwomba mjomba atupeleke mbali na mji, mahali pasipo na taa, tukakae nusu saa kimya, halafu anionyeshe yeye mwenyewe.

Jibu bado sijalipata. Nisiwachoshe wasomaji, hapa naweka kalamu chini.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne